Rangi ya Gari Katikati ya Migomba

Saa mbili asubuhi Kanazi, mkoani Kagera, bado imelowa. Umande unadondoka kutoka kwenye majani ya migomba, na boneti ya gari lililolala uani ukiipitishia kiganja, kiganja kinarudi na maji. Mwenye gari ameshanunua rangi, tina na msasa. Kompresa ya kuazima imefika, vioo vimefunikwa kwa magazeti, na mikono inamwasha kuanza kazi. Fundi mzoefu akipita hapo atamwambia neno moja tu: ngoja.

Kungoja huko ndiyo nusu ya kazi yenyewe. Rangi ya laka, ambayo mafundi wengi wanaijua kwa herufi mbili za NC, ni rafiki wa mtu anayepaka gari lake nyumbani. Hukauka upesi, haihitaji chumba chenye joto, na makosa yake mengi hurekebishika. Inausamehe mkono wa mwanafunzi, lakini haiisamehe hewa yenye maji. Na hewa yenye maji ndiyo mwenyeji wa ukanda huu. Bukoba hupata mvua ya wastani wa karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ikiwa miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania, huku Ziwa Viktoria likiongeza unyevu hata siku ambazo hakuna wingu. Anayepaka rangi Kanazi, Kemondo au Muleba husoma anga kwanza, ndipo asome maandishi ya kopo.

Magari ya huku yana sababu nyingi za kupakwa upya. Ukiiacha lami ukaingia njia za vijijini unakutana na udongo mwekundu, na kokoto zinazorushwa na matairi huila rangi ya madigadi na ya sehemu za chini za milango. Matawi ya mibuni hukwaruza ubavuni. Pale rangi ilipobanduka, mvua hufanya iliyobaki: kutu huanza kama doa la ukubwa wa punje ya mtama, kisha hutambaa chini kwa chini hadi rangi inainuka kama ganda la kidonda. Probox, Noah na Hiace zilizotoka Japani zikiwa zimeshatumika, yakiwemo magari madogo ya abiria yanayoitwa michomoko, hupita safari hiyo hiyo. Wenye uwezo huyapeleka gereji kubwa mjini. Wengine huenda gereji bubu, zile za chini ya mti zisizo na kibao wala uzio. Wachache wenye subira huamua kuifanya kazi nyumbani.

Rangi wanayoishika ina historia ya kushangaza. NC ni kifupi cha nitroselulosi, kitu kinachotengenezwa kwa kuiloweka pamba katika mchanganyiko wa tindikali kali. Pamba hiyo hiyo wanayolima wakulima wa Usukuma, ng'ambo ya ziwa, ikipitishwa njia moja hutoa baruti isiyo na moshi, na ikipitishwa njia nyingine hutoa rangi. Kampuni ya DuPont ya Marekani, iliyokuwa mtengenezaji mkubwa wa baruti wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilitoa laka ya magari iitwayo Duco mwaka 1923. Kampuni ya General Motors ikaanza kuitumia kwenye magari yake ya Oakland ya mwaka 1924.

Kabla ya hapo, gari lilipakwa vanishi kwa brashi, tabaka baada ya tabaka, na kazi ilimalizika baada ya wiki kadhaa. Wakati Omukama (mfalme) Kahigi wa Kianja akitawala kutoka Kanazi chini ya Wajerumani, gari la rangi nzuri huko Ulaya lilikuwa limekaa kiwandani karibu mwezi mzima likisubiri kukauka. Henry Ford aliubana muda huo kwa kushikilia rangi nyeusi iliyokaushwa kwenye tanuri. Duco ilileta rangi nyingine nyingi, tena kwa saa badala ya wiki. Bunduki ya kupulizia nayo ilitoka hospitalini: daktari Allen DeVilbiss wa Toledo, Ohio, alibuni kifaa cha kupulizia dawa kooni kwa wagonjwa wake, na mwanawe Thomas akakigeuza kuwa bunduki ya rangi mwaka 1907.

Siri ya laka ni namna inavyokauka. Hakuna kinachopikwa ndani yake. Rangi imeyeyushwa kwenye tina kama chumvi kwenye maji: tina ikipaa, rangi inabaki imeshika bati. Ukiimwagia tina tena, hata baada ya miaka, itayeyuka tena. Ndiyo maana tabaka jipya linaliyeyusha kidogo la chini likaungana nalo kuwa kitu kimoja, na mkwaruzo wa mwakani unaweza kuzibwa bila mshono kuonekana. Rangi zinazochanganywa na hadina (kigumishi), ambazo mafundi huziita 2K, ni kama yai: likishachemka halirudi kuwa bichi. Zinashinda laka kwa ugumu na kwa kustahimili jua na petroli, ila kosa lililofanyika kwenye 2K husubiriwa likauke, lisuguliwe, na kazi ianze upya.

Kabla ya lolote, mwenye gari anatakiwa kujua anapaka juu ya nini. Kipimo ni rahisi. Kitambaa cheupe kilicholowa tina husuguliwa mahali pasipoonekana, labda ndani ya mlango wa buti. Kitambaa kikichukua rangi na pale palipoguswa pakayeyuka, ni laka ya zamani. Rangi ikijikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, ni rangi ya mafuta, na laka haikai juu yake: tina itaifumua yote. Hapo ama ikwanguliwe hadi kwenye bati, ama itafutwe aina nyingine ya rangi. Kitambaa kikitoka safi, basi ni rangi ngumu ya kiwandani au 2K, na juu ya hiyo laka hukaa vizuri ikishasuguliwa na kupigwa praima.

Rangi gani hasa inunuliwe? Jibu limeandikwa kwenye gari lenyewe. Toyota huweka kibati chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, na humo kuna namba ya rangi: 040 ni nyeupe inayoonekana kila kona ya barabara, 1F7 ni ya fedha. Duka linalochanganya rangi hutumia namba hiyo, ingawa gari lililokaa juani miaka kumi huwa limepauka, na kipande kipya kitaonekana kama kiraka kisipofifishwa kidogo kuelekea kwenye rangi ya zamani. Anayeanza afadhali ashike rangi isiyo na chembe za madini. Nyeupe husamehe, ilhali ya fedha huonyesha kila mahali mkono ulipositasita, tena inataka klia, lile tabaka angavu la mwisho, juu yake.

Maandalizi hula muda mwingi kuliko upigaji. Gari huoshwa kwa sabuni, kisha hufutwa kwa kitambaa chenye dawa ya kuondoa grisi, kwa sababu dawa za kung'arishia dashibodi na matairi zina silikoni, na tone dogo tu la silikoni huifanya rangi ikimbie na kuacha vijishimo mviringo. Kutu hukwanguliwa hadi bati ling'ae. Palipobonyea hunyooshwa kwanza, ndipo pakazwe puti. Puti nene ni deni: barabara ya mashimo ikilitikisa bodi, itapasuka.

Baada ya hapo ni msasa, na msasa una daraja zake kama shule. Namba 80 huikata puti, 180 huilainisha, 320 huondoa mistari iliyoachwa na 180. Praima hupigwa, na ikikauka hunyunyiziwa vumbi jepesi la rangi nyeusi. Fundi akisugua kwa msasa wa maji namba 400 kisha 600, ule weusi hubaki kwenye mabonde tu, ukimwonyesha pale ambapo mkono haujafika. Ni hila ya zamani, na hakuna jicho linaloweza kuichukua nafasi yake, kwa kuwa praima haina mng'ao na bonde lake halionekani hadi rangi ing'ae, wakati muda wa kurekebisha umepita.

Hapa ua wa Kihaya unatoa msaada usiotarajiwa. Nyumba nyingi zimezungukwa na kibanja, yaani shamba la nyumbani, na migomba iliyosongamana huvunja upepo kuliko ukuta wa mabati. Nyasi zilizotandazwa chini ya migomba hulaza vumbi. Kilichobaki ni kumwagia maji kidogo uwanja wenyewe, kusubiri madimbwi yakauke, na kuwafungia kuku. Kuku mmoja anayechakura karibu na gari lenye rangi mbichi anatosha kuharibu asubuhi nzima.

Laka huchanganywa na tina kwa kiasi kinacholingana au zaidi kidogo, lita moja ya rangi kwa lita moja hadi moja na nusu ya tina, kulingana na maelezo ya kopo. Gari dogo zima hula takriban galoni moja ya rangi kabla ya kuchanganywa. Mgandamizo wa hewa kwa bunduki ya kawaida huwa kama paundi 40 kwenye saa ya kompresa. Kompresa ndogo ya nyumbani huchoka, kwa hiyo hupigwa kipande kimoja kwa wakati: mlango, kisha mapumziko, kisha madigadi.

Bunduki hukaa umbali wa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bati, kama upana wa kiganja kilichokunjuliwa. Mkono hutembea sambamba na bodi, haupindi kama wa mtu anayefagia. Kichocheo hubanwa kabla ya kufika ukingoni na kuachiwa baada ya kuupita ukingo wa pili, na kila mstari hulala nusu yake juu ya uliotangulia. Ukisogea karibu mno rangi inalia, yaani inachuruzika machozi. Ukikaa mbali mno matone yanakauka hewani na kuanguka kama vumbi, na uso unakuwa na vinundu kama ganda la chungwa. Tabaka la kwanza huwa jepesi kiasi cha kuona praima chini yake. Baada ya dakika 10 hadi 15 linafuata la pili, na kwa kawaida matabaka manne hadi sita hutosha. Laka ikirundikwa nene kupita kiasi hupasuka baada ya miezi, kama tope la mtoni wakati wa kiangazi.

Sasa turudi kwenye ile boneti yenye umande. Tina inapopaa huondoka na joto, kama spiriti inavyoupoza mkono kabla ya sindano. Bati hupoa kwa nyuzi kadhaa papo hapo. Tuseme ni saa mbili asubuhi, hewa ina nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 85. Hewa hiyo huanza kuacha maji ikipoa kufika nyuzi 19 na nusu hivi, na pengo la nyuzi mbili na nusu tina hulivuka bila shida. Maji hujibana kwenye rangi mbichi, na uso mweusi uliokuwa uking'aa unageuka kijivu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Saa nane mchana, hewa ikiwa na nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60, itabidi ipoe hadi karibu nyuzi 17 ndipo iache maji. Rangi ni ile ile na mkono ni ule ule, saa tu ndiyo imebadilika.

Kwa hiyo saa za kazi Kanazi ni kuanzia saa nne asubuhi, bati likishakauka na kupata joto kidogo, hadi saa tisa alasiri. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo mizuri zaidi. Aprili ni mwezi wa kusugua puti ndani ya banda, si wa kushika bunduki. Anayelazimika kupiga siku yenye unyevu huongeza ritada, tina nzito inayopaa polepole ili bati lisipoe ghafla. Na kama ukungu umeshaingia, mara nyingi si mwisho wa kazi: hungojwa saa kavu, kisha hupulizwa ritada nyepesi juu yake. Uso huyeyuka kidogo, maji hutoka, na rangi hurudi. Hii ndiyo ile huruma ya laka, na 2K haina.

Maji mengine hujificha ndani ya kompresa. Hewa inapobanwa huacha unyevu wake kwenye tangi, na asiyefungua koki ya chini kila asubuhi atayaona maji hayo yakitoka kwenye bunduki kama matone katikati ya boneti. Kichujio cha maji kwenye mpira wa hewa ni cha lazima zaidi hapa kuliko kwenye ukavu wa Dodoma. Na umeme nao una visa vyake: ukikatika katikati ya mlango, ni heri kuliacha tabaka likauke kuliko kulimalizia kwa pumzi ya mwisho ya tangi, maana mgandamizo ukishuka rangi hutema matone makubwa.

Kuna pia wageni wenye mabawa. Msimu wa senene, hasa Novemba na Desemba, watu wa Kagera huwasha taa kali usiku na kusimamisha mabati ili kuwanasa. Gari jeupe lililopakwa jioni na kuachwa chini ya taa ya kibarazani ni mtego wa aina hiyo hiyo, ila mavuno yake hayaliki. Wadudu wadogo wa ziwani nao, wale ambao makundi yao huonekana kwa mbali kama moshi juu ya maji, hushuka pale upepo unapowaleta. Mdudu akinasa, asiguswe. Kumchomoa kwenye rangi mbichi huacha kovu kubwa kuliko yeye mwenyewe. Rangi ikauke, mwili usuguliwe kwa msasa wa maji namba 1000, na pale papulizwe kidogo.

Laka huguswa bila kunata baada ya muda mfupi, na hapo ndipo wengi huharibu. Ndani bado kuna tina inayotafuta njia ya kutoka. Rangi ikisuguliwa siku hiyo hiyo itang'aa, kisha baada ya wiki itazama na kuonyesha mistari yote ya msasa. Afadhali gari likae siku kadhaa juani na kivulini, wiki moja au mbili kama hali ya hewa ni ya mvua. Ndipo uanze msasa wa maji namba 1200, kisha 1500, kisha 2000, kwa maji safi yenye matone ya sabuni, mkono ukiwa mwepesi kwenye kingo za milango ambako rangi ni nyembamba. Uso wote utakuwa umepoteza mng'ao na utamtisha mwenye gari. Dawa ya rabingi ndiyo inayourudisha, kisha polishi. Laka hung'aa kwa kusuguliwa, na kina cha mng'ao wake ndicho kilichowafanya wapenzi wa magari ya kale waendelee kuitafuta hata baada ya viwanda kuiacha.

Hayo ni mazuri yake. Hatari zake zinaanzia kwenye pamba ile ile ya baruti. Laka na tina yake hushika moto kwa kasi, na mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini hadi ukutane na cheche. Katika ua ambao jiko la kuni liko hatua chache tu kutoka kwenye gari, kupiga rangi wakati ndizi zinachemka ni kucheza na nyumba. Moto wote uzimwe, sigara iwe mbali, na matambara yaliyolowa rangi yatandazwe nje yakauke, yasirundikwe kwenye kona.

Mapafu nayo yana haki yake. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali huzuia vumbi tu, mvuke hupita. Inayofaa ni ile ya mpira yenye vichujio vya mkaa, pamoja na miwani na glavu. Kwa 2K hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu hadina ina isosayanati, kemikali inayoweza kumwachia fundi pumu ya kudumu, na kazi hiyo haifai kabisa kufanyiwa kwenye ua wenye watoto. Tina chafu isimwagwe kibanjani. Ile iliyotulia kwenye chupa siku mbili hujichuja yenyewe, na sehemu ya juu inaweza kuoshea bunduki tena.

Jambo moja la karatasi: kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato (TRA) imeandikwa rangi ya gari. Anayerudisha nyeupe kuwa nyeupe hana la kufanya. Anayegeuza nyeupe kuwa nyekundu aanzie TRA kurekebisha kumbukumbu, kabla ya askari wa barabarani kulinganisha kadi na gari akashangaa. Na mwenye gari la biashara linalolala nje na kukimbia kutwa juani afikirie 2K kwa fundi mwenye vifaa, kwani laka itamdai polishi mara kwa mara.

Kwa aliyechagua laka, uangalizi wa kwanza ni kwenye kifuniko cha tangi. Petroli ikichuruzika ubavuni wakati wa kujaza, huilainisha rangi na kuacha njia isiyofutika kwa kitambaa, kwa hiyo dereva hushuka na tambara lake na kumwomba mjazaji asilijaze tangi hadi mdomoni. Na rangi iliyobaki haitupwi. Hutiwa kwenye kopo dogo hadi lijae juu ili hewa isipate nafasi, kifuniko hugongwa kikaze, na namba ya rangi huandikwa ubavuni pamoja na tarehe. Siku tawi la mbuni likikwaruza mlango tena, kitakachohitajika ni kopo hilo, tina kidogo, na saa kavu kati ya saa nne na saa tisa.